Hiace iliyofeli ukaguzi kwa taa ambazo hakuna aliyezigusa

Gari lenyewe ni Toyota Hiace ya abiria 14, ile ya umbo la H200, linalokimbia kati ya Mombasa na Malindi. Lilitoka Japani likiwa la mizigo, likawekewa viti huku kwetu, na sasa limeshazoeleka njiani. Matatu za Kenya hukaguliwa kila mwaka. Mwaka jana hili lilipita bila neno. Mwaka huu lilirudishwa, na karatasi ilitaja taa za mbele tu: ya kushoto inapiga chini mno, ya kulia inapiga juu na mwanga wake hauna ukingo. Mwenye gari alilileta gereji siku hiyohiyo, uso umekunjamana.

"Fundi, wewe mwenyewe ulizipima mwaka jana. Tangu siku hiyo hakuna mtu aliyetia bisibisi pale. Zimesogeaje?"

Majibu mawili yalikuwa yameshatolewa kabla hajanifikia. Dereva alisema ni barabara: michepuko ya ujenzi ukitoka Mombasa kwenda Mtwapa imelitikisa gari mpaka skrubu za taa zikalegea. Makanga akasema mkaguzi alitaka chai. Hilo la makanga halikuhitaji mjadala mrefu, kwa sababu mwanga ulionekana ukutani kwangu vilevile karatasi ilivyosema. La dereva ndilo linalostahili kupimwa, maana ndilo linalosemwa katika kila gereji, na mara nyingi linakubaliwa bila mtu kuangalia.

Sisi tuliangalia. Nikimaliza kuweka taa huwa ninapaka tone la rangi ya kucha juu ya skrubu ya kurekebishia, nusu ya tone kwenye kichwa cha skrubu na nusu kwenye plastiki inayoishikilia. Skrubu ikizunguka hata kidogo, rangi inakatika. Kwenye Hiace hii, skrubu za juu-chini na za pembeni, kulia na kushoto, zote zilikuwa na tone lake zima chini ya vumbi. Hazikuzunguka. Na si ajabu, kwa sababu skrubu hizi hukaa kwenye plastiki inayozibana kwa nguvu, hazifanani na nati ya gurudumu. Nimeona zilizovunjika, nimeona ile gololi ya mwisho wa skrubu imechomoka kwenye kikombe chake, lakini kujizungusha zenyewe kwa mtikisiko wa barabara ni jambo la nadra kuliko watu wanavyodhani.

Basi dereva naye hoja yake ikawa imeanguka. Skrubu zimekaa palepale, na mwanga umehama.

Kabla ya kwenda mbele, neno moja juu ya kinachopimwa. Ukiwasha dimu, yaani mwanga wa chini wa kupishania, ya gari la Japani mbele ya ukuta, mwanga haumwagiki ovyo. Una ukingo wa juu unaoonekana wazi: upande wa kulia umenyooka, na upande wa kushoto unapanda kwa pembe ya nyuzi 15. Ule mwinuko wa kushoto ndio unaomulika kando ya barabara, wanakotembea watu na mbuzi. Upande wa kulia hubaki chini ili usimpige machoni anayekuja. Kwa kuwa Kenya, Tanzania na Uganda tunaendesha kushoto kama Wajapani, taa zao zinatufaa zilivyo. Burundi hawana bahati hiyo: wanaendesha kulia huku magari mengi yakiwa ni yaleyale ya Japani yenye usukani kulia, kwa hiyo ule mwinuko unaelekea moja kwa moja kwa anayekuja, na hakuna skrubu inayoweza kuuhamisha.

Ukingo huo lazima uwe chini kidogo ya kimo cha taa yenyewe. Kwa gari ambalo taa zake haziko juu ya mita moja kutoka ardhini, Japani hutaka ile kona ya mwanga, pale mwinuko unapoanzia, iwe kati ya sentimita 2 na sentimita 15 chini ya kimo cha taa, ukipima mita 10 mbele. Kushoto na kulia wanaruhusu sentimita 27 kila upande. Mafundi wengi hulenga sentimita 10 kwa mita 10, yaani asilimia moja, na mimi pia. Ni hesabu rahisi: taa iliyo sentimita 85 juu ya ardhi, ikishuka asilimia moja, mwanga wake hugusa barabara mita 85 mbele.

Daftari langu la mwaka jana lilisema hivi kuhusu gari hili: kimo cha taa sentimita 85, ukingo sentimita 10 chini, kulia na kushoto sawa. Mwaka huu tuliliegesha palepale, kwenye sakafu ileile ya zege, mita 10 kutoka ukuta uleule, upepo wa tairi umejazwa sawasawa na dereva amekaa kitini pake. Kimo cha taa kilikuwa kimeshuka hadi 84. (Ndiyo maana alama ya zamani ukutani haitumiki peke yake. Kila safari unachora mstari mpya wa kimo cha taa, ndipo unapima kutoka hapo.) Ukingo wa kushoto ulikuwa sentimita 24 chini. Wa kulia haukuwepo. Palikuwa na doa kubwa jeupe, limeinama upande mmoja, na pembe yake moja imepanda sentimita kadhaa juu ya mstari.

Sentimita 24 kwa mita 10 maana yake mwanga wa kushoto unagusa lami mita 35 tu mbele ya gari. Kwa kilomita 80 kwa saa, mwendo ambao matatu zimewekewa kikomo tangu sheria za Michuki za mwaka 2004, mita 35 unazimaliza kwa sekunde moja na nusu hivi. Watu hulalamika juu ya taa zinazopiga juu kwa sababu zinawaumiza wao. Taa inayopiga chini haina wa kuilalamikia. Anayeendesha huzoea, akidhani usiku ndivyo ulivyo.

Kutenganisha gari na taa

Kuna swali moja linalookoa saa nyingi za kazi: je, taa zote mbili zimehama kwa kiasi kimoja na kuelekea upande mmoja, au imehama moja tu? Zikihama zote pamoja, usifungue taa. Gari ndilo lililobadilika: springi, tairi, mzigo, au sakafu ya pale lilipopimwa. Ikihama moja, hapo ndipo unafungua boneti na kuishika taa yenyewe: balbu, masikio ya kufungia, mota ya ndani, au bampa iliyogongwa.

Kwa kutazama tu, hapa ilionekana kama matatizo mawili yasiyohusiana, kushoto chini na kulia juu. Lakini taa ya kulia ilikuwa na sababu zake za pekee zilizoficha ukweli, kwa hiyo ilibidi kwanza tuziondoe moja moja.

La kwanza lilikuwa balbu. Kushoto kulikuwa na balbu ya kawaida ya H4, ile ya halojeni ya wati 60 na 55. Kulia mtu alikuwa ametia balbu ya LED yenye feni nyuma. Makanga alieleza kwamba ya zamani iliungua Kilifi usiku, na duka lililokuwa wazi lilikuwa na hiyo. Walinunua pea, wakafunga moja, nyingine iko ndani ya droo ya dashibodi hadi leo.

Sizipendi balbu hizi ndani ya taa iliyotengenezewa halojeni, na sababu si ushamba. Ndani ya H4 kuna nyuzi mbili zinazowaka, ya fuli (mwanga wa mbali) na ya dimu. Chini ya uzi wa dimu kuna kikombe kidogo cha chuma kinachozuia mwanga usishuke, ili upige nusu ya juu tu ya bakuli linalong'aa ndani ya taa. Na nusu hiyo ya juu huurudisha mwanga ukielekea chini. Ukingo wote unaouona ukutani umechorwa na kikombe hicho pamoja na mahali hasa ulipo ule uzi. Katika bakuli ambalo kitovu chake kiko milimita 25 kutoka nyuma, uzi ukihama milimita moja tu kwenda juu au chini, mwanga unahama takriban sentimita 40 kwenye ukuta wa mita 10. Robo ya milimita ni sentimita 10, yaani kipimo kizima tunachokitafuta. Sasa weka mahali pa uzi mwembamba kipande bapa chenye vidonge vya mwanga pande mbili, juu ya kola unayoweza kuizungusha kwa mkono. Hii ilikuwa imefungwa ikiwa imepinda kidogo, ndiyo maana doa liliinama.

Tukairudishia H4 ya halojeni, sikio lake pana likakaa juu kwenye nafasi yake. Doa likatoweka, ukingo ukajichora: sentimita 17 chini. Kumbe taa iliyoandikwa "juu" ilikuwa chini. LED ilikuwa inamwaga mwanga juu ya jambo ambalo lilikuwa limeshatokea kwa taa zote mbili.

Kigurudumu cha dashibodi

Upande wa kulia wa usukani wa Hiace kuna kigurudumu kidogo chenye namba 0 hadi 5. Kazi yake ni kushusha taa gari likiwa limebeba. Gari likiwa tupu unakiacha kwenye 0. Nyuma ikilemewa na pua ikainuka, unapandisha namba, na mota iliyo nyuma ya kila taa inavuta mwanga chini. Madereva wengi wa matatu niliowauliza hawakijui, au wanadhani ni cha mwangaza wa dashibodi. Dereva huyu alikijua, na hilo ni la kumsifu. Malori ya upande wa pili yalikuwa yakimmulika kila anapotoka Malindi akiwa amejaza, akakisogeza hadi 2. Halafu akakisahau hapo, na hapo ndipo kilipokuwa gari lilipoingia kwenye ukaguzi likiwa tupu.

Nilimwomba akirudishe 0 nikiwa nimeinama kwenye taa. Upande wa kushoto ulisikika mlio mwembamba, kama mbu ndani ya kikopo, na ukingo ukapanda ukutani kutoka 24 hadi 19. Upande wa kulia kimya. Tukakisukuma hadi 5, tukakirudisha. Kushoto inalia, kulia kimya. Mota ya kulia imekufa, na imekufa ikiwa mahali pa 0, kwa hiyo haikushuka pamoja na mwenzake. Hivyo dereva alipokuwa akishusha taa kwa nia njema, alikuwa akishusha moja. Aliyemsumbua mwenzake wa upande wa pili ni ile ya kulia, ambayo haikusikia amri.

Sasa ilikuwa 19 kushoto na 17 kulia. Zile mbili zilizobaki kati yao tuliziona tulipoitikisa taa ya kulia kwa mkono: sikio moja la kufungia limepasuka na kukazwa kwa waya, kumbukumbu ya kugongwa na tuktuk kituoni. Gari lilipakwa rangi, bampa likanyooshwa, sikio likafungwa waya. Kwa upande mwanga ulikuwa umekwenda kulia sentimita 12, ndani ya kile kinachovumiliwa, lakini taa inayocheza haipimiki vizuri hata leo ikipita.

Ukiacha hilo la sikio, taa zote mbili zilikuwa zimeshuka karibu sawa: kutoka 10 mwaka jana hadi 17 na 19. Skrubu hazikuzunguka, kigurudumu kiko 0, balbu ni za asili. Taa zimekaa palepale kwenye bodi. Bodi ndiyo iliyoinama.

Sentimita mbili na kidogo nyuma

Kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ya Hiace hii kuna milimita 2,570. Ukiinua nyuma ya gari sentimita 2.57, umeliinamisha asilimia moja, na ukuta wa mita 10 utakuonyesha mwanga umeshuka sentimita 10. Hii ndiyo hesabu ambayo ningependa kila mwenye gari la biashara aijue, kwa sababu inaonyesha jinsi kitu kidogo nyuma kinavyokuwa kikubwa mbele. Sisi tulikuwa tunatafuta sentimita 9 upande wa kushoto, asilimia 0.9. Yaani nyuma imepanda sentimita 2.3 hivi kuliko mwaka jana, au mbele imeshuka kiasi hicho, au wamegawana.

Nilimuuliza mwenye gari kilichofanyika chini ya gari tangu ukaguzi uliopita.

"Hakuna. Service tu za kawaida."

"Springi?"

"Aa, springi tuliongeza kipande kimoja kila upande kabla ya Pasaka. Ilikuwa inalala sana."

Nyuma ya Hiace ya mizigo hubebwa na springi za vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Zikichoka, fundi huongeza kipande. Mwaka jana, nilipokuwa naweka zile taa, springi zilikuwa zimeshachoka na nyuma imelala. Kipimo cha asilimia moja nilikiweka juu ya gari lililokuwa limekaa hivyo. Kipande kilipoongezwa nyuma ikainuka, pua ikainama, na taa zikafuata pua. Aliyetia kipande hakuzigusa taa. Wala hakuwa na sababu ya kufikiria kwamba amezigusa.

Tairi nazo zilichangia. Nyuma zilikuwa mpya, mbele zile za zamani zilizolika. Kati ya meno ya tairi mpya na ya tairi iliyolika kuna milimita tano au sita za kimo, na kwa urefu wa gari hili hizo ni asilimia 0.2 peke yake. Desturi ya kuweka mpya nyuma ni nzuri kwa usalama na siipingi. Ninasema tu kwamba inaonekana ukutani.

Hesabu ilikuwa inaelekea kufunga, lakini hesabu si ushahidi. Nikawaomba vijana sita wa karakana za jirani, wachomeleaji na wapaka rangi, waingie wakae viti vya nyuma kabisa. Waliingia kwa kelele, mmoja akadai nauli ya Malindi irudishwe. Tepu kwenye tao la gurudumu la nyuma ikaonyesha bodi imeshuka sentimita mbili na nusu. Mbele haikubadilika sana kwa kuwa uzito wote ulikuwa karibu na ekseli ya nyuma. Ukutani, ukingo wa kushoto ulipanda kutoka 19 hadi 9. Walipotoka, ukarudi 19. Nilirudia mbele ya mwenye gari na dereva, nao wakawa wanatazama ukuta badala ya kunitazama mimi, jambo lililonifurahisha.

Kwa hiyo mgawanyo wa zile sentimita 14 ambazo taa ya kushoto ilishuka ni huu: tano ni za kigurudumu kilichosahaulika kwenye 2, na tisa ni za gari lenyewe, nyingi zikiwa za springi na mbili hivi za tairi. Kwa barabara mbovu na skrubu, sifuri.

Nani alaumiwe kwa vipimo viwili tofauti?

Mwenye gari alikuwa na swali lingine, na lilikuwa la haki. Kama watu sita nyuma wanarudisha mwanga mahali pake, na gari hili halikimbii tupu hata siku moja, kwa nini lipimwe tupu?

Jibu ni kwamba lazima pawe na hali moja ambayo kila gari linaweza kuwekwa. Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu taa, zinazofuatwa Ulaya na kwingine, huanzia kwenye gari tupu lenye mtu mmoja wa kilo 75 kwenye kiti cha dereva. Japani nako ni gari tupu na dereva. Kutoka hapo ndipo kigurudumu cha 0 hadi 5 kinapata maana: skrubu ni za kuweka mwanzo, kigurudumu ni cha kufuata mzigo. Gari likipimwa likiwa limebeba, hakuna atakayejua lilibeba kiasi gani.

Na hata kwa kufuata hali hiyo, vipimo viwili vya gari moja havilingani kikamilifu. Mashine ya kupimia taa husimama karibu na gari, mita moja hivi, na lenzi iliyo ndani yake huukusanya mwanga na kuuonyesha kana kwamba uko mbali. Sakafu ya gari ikiinama nusu asilimia kuliko reli ya mashine, umeshapoteza sentimita 5. Tairi ya nyuma yenye upepo pungufu, sentimita 4 nyingine au zaidi. Gari lililokuwa sentimita 10 lina nafasi ya kuvumilia hayo. Lililowekwa 14 ili "lipite tu" halina.

Japani kwenyewe wanalijua hili. Nje ya ofisi zao za ukaguzi kuna karakana ndogo za watu binafsi zenye mashine zilezile, ambako mwenye gari hulipa kidogo taa zipimwe na kuwekwa sawa dakika chache kabla ya kuingia. Gari la mizigo kama Hiace hii lilivyokuwa kule hukaguliwa baada ya miaka miwili ya mwanzo, kisha kila mwaka; yale ya watu binafsi baada ya mitatu, kisha kila miwili. Na kipimo chenyewe kimebadilika njiani. Magari yaliyotengenezwa kuanzia Septemba 1998 yalitakiwa kupimwa dimu, lakini kwa miaka mingi lililoshindwa kwa dimu liliweza kuokolewa kwa kupimwa fuli. Kuanzia tarehe 1 Agosti 2024 msamaha huo ulianza kuondolewa, baadhi ya maeneo yakipewa muda zaidi. Taa iliyochakaa kioo, ambayo fuli yake bado ina nguvu lakini dimu yake haina ukingo, ilianza kufeli bila kuharibika zaidi ya ilivyokuwa mwezi uliotangulia.

Hilo la kioo linatuhusu sana sisi wa pwani. Plastiki ya taa hugeuka njano kwa jua, na ukungu huo hutawanya mwanga. Mpimaji akitafuta kona ya ukingo anaona maziwa. Hiace hii kioo chake kilikuwa bado kinafaa baada ya kusuguliwa.

Tulichofanya

Mwenye gari alitaka kwanza kile kipande cha springi kitolewe, kwa kuwa ndicho kilicholeta msala. Nilimkatalia. Jioni ileile tulikwenda stendi kupima gari likiwa limejaa, watu 14 na mizigo ya Malindi. Mama mmoja dirishani akaniona nimelala ubavu na tepu kwenye gurudumu, akauliza kama gari limeharibika. Nikamwambia tunapima taa, akanitazama kama mtu asiyejua taa ziko wapi. Nyuma ilishuka sentimita 4, mbele sentimita 1. Tofauti ya 3 kwa urefu wa gari hili ni asilimia 1.2 hivi, yaani mwanga hupanda sentimita 12 likijaa. Ukianzia 10 chini, unaishia 2 juu ya kimo cha taa, na hapo kila dereva anayekuja atakumulika. Lakini kila namba ya kigurudumu ilikuwa inashusha sentimita mbili na nusu, kwa hiyo 5 inatosha kuurudisha mahali pake. Kwa springi za mwaka jana, zilizokuwa zinalala mpaka tairi inanusa tao, kigurudumu kisingeweza kufuata. Kipande kilichoangusha gari kwenye ukaguzi ndicho kinacholifanya liweze kuendeshwa usiku bila kumtesa mtu. Kikabaki.

Mota ya kulia ilipatikana ya mtumba, imeagizwa Kirinyaga Road, Nairobi. Sikio la taa liliunganishwa kwa kipande cha plastiki na gundi ya moto, waya ukatolewa. Balbu za H4 zikafungwa mpya zote mbili, za aina moja, kwa sababu mpya na ya zamani hazipeani nguvu sawa na mashine hupima nguvu pia. Ndipo, mwisho kabisa, nikagusa skrubu: gari tupu, dereva kitini, kigurudumu 0, zote zikapandishwa hadi sentimita 10, na tone jipya la rangi juu yake.

Wangeanza na skrubu, kama gereji nyingi zinavyofanya karatasi ya ukaguzi ikifika, wangeipandisha ya kushoto sentimita 14 huku kigurudumu kiko 2, na kuishusha ya kulia kwa kubahatisha ile LED. Gari lingepita. Siku ambayo dereva angerudisha kigurudumu 0, au balbu ingebadilishwa, taa zingekuwa zimeharibika upya na pasiwe na wa kukumbuka kwa nini.

Hiace ilirudi kituoni ikapita. Kwenye dashibodi, pembeni ya kigurudumu, dereva amebandika kipande cha plasta na kuandika kwa kalamu: tupu 0, nusu 3, imejaa 5. Mwenye gari ameniomba niandike kwenye daftari kimo cha tao la nyuma pia, si taa peke yake, na kwamba fundi wa springi anipigie simu kabla ya kuongeza kipande kingine. Ile LED ya pili bado iko kwenye droo. Makanga anaitafutia mnunuzi.